Siku ya Jamhuri ya India: kwa nini 26 Januari na si 15 Agosti

Siku ya Jamhuri ni sikukuu ya taifa nchini India inayokumbuka 26 Januari 1950, siku katiba ilipoanza kutumika na nchi ikaacha kuwa na mfalme. Wengi huichanganya na Siku ya Uhuru, 15 Agosti. Kwetu tofauti hiyo haipaswi kuwa ngeni: Tanganyika ilipata uhuru 9 Desemba 1961 na kuwa jamhuri 9 Desemba 1962, Kenya vivyo hivyo, 12 Desemba 1963 na 12 Desemba 1964. Sisi tuliyaweka mambo yote mawili kwenye tarehe moja, India ikayatenga.

Uingereza ilipokabidhi madaraka 15 Agosti 1947, Mfalme George VI alibaki mkuu wa nchi, akiwakilishwa na Gavana Mkuu: kwanza Mountbatten, kisha C. Rajagopalachari kuanzia Juni 1948. Tarehe yenyewe aliichagua Mountbatten, kwa kuwa ilikuwa kumbukumbu ya Japani kusalimu amri mwaka 1945. Haikuwa na uzito wowote katika harakati za Wahindi wenyewe.

Uzito ulikuwa kwenye 26 Januari. Mkutano wa chama cha Congress uliofanyika Lahore Desemba 1929, ukiongozwa na Jawaharlal Nehru, ulikataa kujitawala chini ya taji la Uingereza na kudai *purna swaraj*, yaani uhuru kamili. Wananchi waliombwa kula kiapo cha kuudai Jumapili ya 26 Januari 1930, na kwa miaka iliyofuata wanaharakati waliiadhimisha tarehe hiyo kama siku ya uhuru. Uhuru ulipokuja Agosti, ilibaki yatima.

Bunge la Katiba likaipa kazi mpya. Kamati ya uandishi iliongozwa na B. R. Ambedkar, na katiba ikapitishwa 26 Novemba 1949. Hapa ndipo penye kosa la kawaida: watu husema ilipitishwa Januari. La, Januari ilianza kutumika. Ibara chache tu, zikiwemo za uraia na uchaguzi, zilianza kazi palepale Novemba. Nyingine, kati ya ibara zote 395, zilisubiri miezi miwili ili ziifikie tarehe ile ya kiapo. Siku hiyo Rajendra Prasad aliapishwa kuwa Rais wa kwanza.

Hata bendera huonyesha tofauti. Tarehe 15 Agosti Waziri Mkuu huipandisha kutoka chini ya mlingoti, kwenye Ngome Nyekundu mjini Delhi, kisha huhutubia taifa. Tarehe 26 Januari huwa imeshafungwa juu ikiwa imekunjwa, na Rais huikunjua tu, kwa sababu nchi ilikwisha kuwa huru. Hotuba yake huitoa usiku wa kuamkia sikukuu. Linalofuata ni gwaride kubwa la New Delhi, mbele ya mgeni rasmi wa kigeni: Sukarno wa Indonesia mwaka 1950, Mwalimu Nyerere mwaka 1971.

Ukiandika habari zake, angalia hesabu. Adhimisho la 1950 lenyewe ni la kwanza, hivyo toa 1949 kwenye mwaka husika: 2025 ni Siku ya Jamhuri ya 76, ingawa jamhuri ilikuwa imetimiza miaka 75. Kwa Siku ya Uhuru toa 1946.