Eti kaunsela anaangalia nyuma, kocha anaangalia mbele?

Jamani hii sentensi nimeisikia tena wiki hii, kwamba kaunsela ni wa kuchimba yaliyopita na kocha wa maisha ndiye wa kukupeleka mbele, na aliyeisema ana wafuasi kibao na watu wanamlipa kwa saa. Si kweli. CBT, yaani tiba ya kubadilisha mawazo na tabia, ambayo makaunsela wengi Kenya tunaitumia, inashughulika na wiki hii hii unayoishi, Jumatatu uliwaza nini, ukafanya nini, na unaondoka na kazi ya kufanya nyumbani. Malengo tunaweka pia.

Tofauti ni nani amefundishwa kugundua kwa nini umekwama. Kocha anaanza na imani kwamba uwezo unao, umekosa mpango na mtu wa kukufuatilia. Kwa anayetaka kubadilisha kazi au kupanga muda wake hiyo ni sawa kabisa, mimi mwenyewe huwatuma watu huko.

Sasa anakuja mtu na daftari la malengo, kuamka saa kumi na moja alfajiri, mazoezi, kurasa kumi za kitabu, tiki chache wiki ya kwanza halafu visanduku vitupu mpaka mwisho, na analitoa kama mtoto anayeonyesha ripoti mbaya ya shule. Anajiita mvivu. Muulize usingizi: kila usiku saa tisa macho yako wazi, halali tena, chakula hakina ladha, na imekuwa miezi. Huyo hahitaji alamu ya pili! Anahitaji kupimwa, na damu pia, maana tezi ya thairoidi ikilegea au damu ikipungua dalili zinaweza kufanana sana na dipresheni.

Ndiyo maana tuna PHQ-9, fomu ya kupima dalili za dipresheni, maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, alama 0 hadi 27, na kuanzia 10 tunachunguza zaidi. La tisa linauliza kama umewaza kufa au kujidhuru. Kuliuliza hakumpi mtu wazo hilo, lakini ukiliuliza lazima ujue utafanya nini akijibu ndiyo, leo, kabla hajatoka mlangoni. Na wengi hawasemi moja kwa moja, kwa sababu mpaka Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotangaza kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu kuwa kinyume cha katiba, kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai hapa kwetu. Watu wakazoea kuzunguka, "nimechoka tu", "natamani nilale nisiamke", na sikio lisilofundishwa linasikia uchovu.

Hata hivyo alama ndogo siiamini haraka, fomu ilitengenezwa Marekani na watu wetu wengi wanaleta kichwa, mgongo, moyo kwenda mbio, huzuni wanaitaja mwisho kabisa. Kikao cha kwanza mara nyingine sijui kama ni kazi imemchosha mtu au ni dipresheni. Na leseni si dhamana, Sheria ya Makaunsela na Wanasaikolojia ya 2014 inamtaka kaunsela asajiliwe na kocha hana sheria yake, ila wapo makocha wanaosikiliza kuliko wenzangu wenye vyeti.

Kwa hiyo kabla hujalipa muulize kocha wako, siku nikikwambia sitaki kuishi utanipeleka kwa nani? Anayejua kazi yake atakutajia mtu au hospitali papo hapo. Akikujibu habari za mawazo chanya, usitoe hata shilingi.