Spidiwei, na maana ya kuwa mwendeshaji wa Kiholanzi

Spidiwei ni mbio za pikipiki zinazofanyika katika uwanja wenye umbo la yai, ambao mzunguko wake huwa na urefu wa kati ya mita 260 na 425, na ambamo waendeshaji wanne hushindana kwa mizunguko minne kinyume cha mwendo wa mishale ya saa, wakiwa juu ya pikipiki zisizo na breki hata moja. Jambo hilo la breki huwashtua wengi wanapolisikia kwa mara ya kwanza, ilhali lina mantiki yake: wanne hao hukimbia wakiwa wamekaribiana mno, na mmoja wao akifunga breki ghafla, anayemfuata hana pa kukwepea. Injini ni ya silinda moja yenye ujazo wa sentimita za ujazo 500, hutumia methanoli, aina ya alkoholi, badala ya petroli, na pikipiki ina gia moja tu.

Kona yenyewe ndiyo inayofanya kazi ya breki. Mwendeshaji anapoifikia huilaza pikipiki upande wa kushoto, gurudumu la nyuma likaachia na kuteleza kuelekea nje, naye akaugeuza usukani kulia ingawa anakata kona ya kushoto. Mguu wake wa kushoto hushuka hadi ardhini, buti likiwa limevishwa kiatu cha chuma ambacho hukwaruza udongo bila kushika, na muda huo wote mkono wa kulia unaendelea kuvuta mafuta, kwa sababu akiyaachia ghafla, tairi la nyuma linaweza kushika ardhi na kumrusha. Ustadi wote wa mchezo huu umo hapo, katika kuteleza kwa makusudi bila kuanguka.

Mshindi wa mbio moja hupata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, na wa nne hapati kitu. Katika shindano la kawaida la mtu mmoja mmoja, waendeshaji 16 hukimbia mbio 20, kila mmoja akishiriki mara tano na kukutana na kila mwenzake mara moja, hivyo aliyeshinda zote huondoka na pointi 15.

Sasa, tukisema “mwendeshaji wa spidiwei wa Kiholanzi” tunataja maisha ya kazi yenye sura yake ya pekee. Uholanzi haina ligi ya kulipwa kama zile za Poland, Sweden, Denmark au Uingereza. Ina viwanja vichache, kama kile cha Veenoord katika mkoa wa Drenthe, na mapenzi makubwa ya mchezo huu yako zaidi kaskazini mwa nchi. Amsterdam iliwahi kuandaa fainali ya ubingwa wa dunia mwaka 1987, katika Uwanja wa Olimpiki, kwa siku mbili, na taji likaenda kwa Hans Nielsen wa Denmark. Lakini fainali moja haimpi kijana mahali pa kukimbia kila wiki, na pointi hazipatikani kwa kutazama. Kwa hiyo Mholanzi anayetaka kuishi kwa mchezo huu hana budi kuvuka mpaka.

Theo Pijper, aliyezaliwa Dokkum katika mkoa wa Friesland mwaka 1980, ni mfano mzuri. Jina lake lilijulikana kwa mashabiki wa Scotland alipokuwa akiikimbilia klabu ya Edinburgh Monarchs, na pamoja na hayo alishiriki mbio za uwanja mrefu barani Ulaya. Mbio hizi za uwanja mrefu ni ndugu wa spidiwei, nazo kwa maoni yangu ndizo zinazotufanya tumwelewe Mholanzi vizuri. Mzunguko wake unaweza kufika mita 1,000, mwendo ni mkali zaidi, pikipiki huwa na gia mbili, na ardhi huweza kuwa ya mchanga au ya nyasi. Eenrum na Roden, huko huko kaskazini, zimeandaa mbio za kimataifa za aina hii. Kwa hiyo kijana wa Kiholanzi hukua akizoea nafasi pana na kona ndefu, kisha huenda ugenini kujifunza kubana mwili katika kona fupi za spidiwei. Matunda ya malezi hayo yalionekana mwaka 2021, Romano Hummel alipotwaa ubingwa wa dunia wa uwanja mrefu.

Si sahihi, basi, kuipima kazi ya Mholanzi kwa mataji ya spidiwei peke yake, wala kumwona ameshindwa kwa kuwa jina lake linaonekana katika orodha za klabu za nchi tatu kwa msimu mmoja. Katika ligi nyingi malipo hutegemea pointi, na kwa kawaida mwendeshaji hugharamia mwenyewe pikipiki, injini, safari na fundi wake. Jumamosi moja anaweza kuwa kwenye nyasi za mkoa wa Groningen, na siku chache baadaye kwenye uwanja mfupi wa Uingereza, na kwa kuwa pikipiki ya gia mbili haifai huko, gari lake hubeba pikipiki za aina zote mbili, zikiwa zimefungwa kwa mikanda bega kwa bega.