Mashine ya kupumulia si ya maiti
Kwenye magrupu, kuanzia Uyole hadi Tukuyu mkoani Mbeya, ujumbe ule ule hurudi: mgonjwa akiwekewa mashine ya kupumulia ameshakufa, hospitali inavuta bili tu. Si kweli. Mashine hiyo husukuma hewa yenye oksijeni mapafuni. Moyo hudunda wenyewe. Moyo ukisimama kabisa, mwili hupoa hata kifua kikiendelea kupanda na kushuka.

Kinachochanganya watu ni dawa za usingizi ambazo mgonjwa wa mashine mara nyingi hupewa: haitiki hata akiitwa na mama yake. Una shaka? Mwombe daktari akuoneshe mapigo ya moyo na akueleze hali ya ubongo. Ujumbe huo, tafadhali, usiusambaze tena. Kuna familia itakayokataa mashine kwa sababu yake.