Mita tatu zatosha kumvunja fundi

"Hapa si juu, bwana." Ndiyo kauli niisikiayo zaidi nikikagua mijengo ya Mombasa. Aliyenijibu hivyo mara ya mwisho, kwenye mjengo mmoja Nyali, alikuwa juu ya jukwaa la mikaratusi, malapa miguuni, ndoo ya plasta mkononi. Ubao aliokanyaga ulikuwa umeegeshwa tu, hauna msumari hata mmoja. Niliusukuma kidogo, ukacheza.

Palikuwa mita 3 hivi kutoka chini. Anayeanguka hapo hufika ardhini kabla sekunde 1 haijatimia, kwa mwendo wa karibu kilomita 28 kwa saa, kama aliyegongwa na tuktuk. Hawahi kushika chochote. Na kofia ngumu, ambayo wenye mijengo huikimbilia kwa kuwa inaonekana tangu barabarani, kazi yake kubwa ni kukukinga na kinachokuangukia, si unapoanguka wewe. Reli ya jukwaa, yaani kizuizi cha pembeni kinachomzuia mtu asianguke, hula mbao na nusu siku ya fundi, basi huahirishwa mpaka kesho.

Anza na reli, mbao zilizofungwa ncha zote mbili na ngazi iliyofungwa juu. Tundu la lifti lifunikwe kwa mbao zilizopigiliwa. Karatasi ya simiti iliyotandazwa juu ni mtego. Mkanda wa mwili mzima ufungwe kwenye kitu imara, si kwenye jukwaa linaloyumba. Huku kwetu chumvi ya bahari hula klampu za chuma, jua hukausha kamba, na mvua ya masika huzitelezesha mbao. Kila asubuhi baada ya mvua, jukwaa likaguliwe kabla mtu hajapanda.

Mtu akianguka, msimbebe makwapa na miguu mkamtia kwenye tuktuk. Kama uti wa mgongo umevunjika, safari hiyo yaweza kumpoozesha. Mwacheni alale, kichwa na shingo visitikisike, mwite ambulensi.

Kwa sheria ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka 2007, mwajiri akishapata habari ana siku 7 za kuripoti kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini. Aliyeumia ana miezi 12 ya kudai. Vibarua wengi hudhani fidia ni ya walioandikwa tu, nao foromani hawana haraka ya kuwasahihisha. Andika tarehe, saa na majina ya walioona, na upige picha jukwaa kabla halijabomolewa.