Kupanga filamu ya makala kuhusu ucheshi wa Kiyahudi: tuanze na ukumbi

Anayetaka kutengeneza filamu ya makala kuhusu ucheshi wa Wayahudi hukumbana kwanza na ukubwa wa jambo lenyewe. Kuna hadithi za mwandishi Sholem Aleichem, aliyezaliwa Ukraine mwaka 1859 na kufariki New York mwaka 1916. Kuna redio, televisheni, Hollywood na klabu za usiku. Kuna London na Tel Aviv. Mipango inayojaribu kuvibeba vyote hivyo kwa dakika 90 huishia kuwa msururu wa nyuso maarufu zinazopishana kwenye skrini, kila moja ikiachiwa mzaha mmoja kabla ya kuondolewa. Katika mpango ninaouandaa nimechagua swali lililo finyu zaidi: wachekeshaji hawa walijifunzia wapi kazi yao, na waliokuwa wakichekeshwa ni akina nani?

Jibu limenipeleka kwenye milima ya Catskills, safari ya saa chache kutoka jiji la New York. Sababu ya kuwepo kwa hoteli za Kiyahudi huko haichekeshi hata kidogo. Mwaka 1877 Joseph Seligman, mmiliki wa benki na mtu mwenye jina kubwa, alinyimwa nafasi katika Grand Union Hotel ya Saratoga Springs kwa kuwa alikuwa Myahudi, na kwa miongo mingi iliyofuata hoteli nyingi za mapumziko ziliwafungia Wayahudi milango waziwazi. Kati ya miaka ya 1880 na sheria ya mwaka 1924 iliyobana uhamiaji, Wayahudi zaidi ya milioni 2 waliingia Marekani kutoka Ulaya Mashariki, wengi wakisongamana katika vyumba vya kupanga na karakana za ushonaji. Waliotaka hewa safi wakati wa kiangazi ilibidi wajitafutie mahali pao. Familia ya Grossinger ilinunua shamba huko mwaka 1914, ikaona kwamba wageni wanalipa kuliko mazao, na baada ya muda shamba likawa hoteli iliyojulikana nchi nzima.

Katika hoteli hizo alikuwepo mfanyakazi aliyeitwa tumla kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba hakuna mgeni anayechoshwa, hasa siku za mvua, watu wanapoanza kufikiria kufunga mizigo. Alipanga michezo, alicheza dansi na wajane, alizua vituko mezani, na usiku alipanda jukwaani. Mel Brooks, aliyefanya kazi hiyo akiwa kijana, amesimulia mara nyingi jinsi alivyokuwa akivaa koti zito na kubeba masanduku yaliyojaa mawe, akilalamika kwamba biashara imekufa naye hataki tena kuishi, kisha akijitupa na vyote ndani ya bwawa la kuogelea. Danny Kaye naye alipitia shule hiyohiyo. Sid Caesar alifika milimani kama mpiga saksafoni.

Hapa ndipo ulipo uti wa mgongo wa filamu. Mgeni aliyekaa wiki nzima, au kiangazi kizima, hakuweza kuchekeshwa Jumatano kwa kituko cha Jumatatu, kwa hiyo wachekeshaji walilazimika kutunga mambo mapya kila mara mbele ya watu walewale, ambao hawakuona haya kusema kwamba hawajaridhika. Mtayarishaji wa maonyesho Max Liebman alikuwa ameendesha utaratibu kama huo katika kambi ya mapumziko ya Tamiment, huko Pennsylvania, ambako onyesho jipya liliandaliwa kila wiki. Mwaka 1950 kampuni ya televisheni ya NBC ilipompa dakika 90 za moja kwa moja kila Jumamosi usiku, naye akamweka Sid Caesar mbele ya kamera na Mel Brooks miongoni mwa waandishi, televisheni ilipata watu waliokwisha kuzoea mwendo huo. Uhusiano huu unaonekana na unaweza kupigwa picha, na kwangu una thamani kuliko nadharia yoyote kuhusu roho ya taifa.

Nasema hivyo kwa sababu kishawishi cha kuchora mstari mmoja ulionyooka kutoka vijiji vya Ulaya Mashariki hadi studio za New York ni kikubwa. Ni kweli kwamba arusi za huko zilikuwa na mchekeshaji wake wa kutunga mashairi papo hapo, na kwamba visa vya Hershele Ostropoler, maskini mjanja aliyewafumba midomo matajiri, vitamkumbusha msomaji wetu Abunuwasi bila kuambiwa. Lakini vijana wengi wa Catskills walizaliwa Marekani, wakalelewa na redio na sinema, na filamu inayoyaruka hayo inawageuza kuwa mabaki ya kale. Kwa sababu hiyohiyo sitaufungua mpango wangu kwa makadirio yaliyochapishwa na jarida la Time mwaka 1978, kwamba asilimia 80 ya wachekeshaji wa Marekani walikuwa Wayahudi, ilhali Wayahudi walikuwa asilimia 3 ya watu wote. Ni takwimu tamu kwa wafadhili, lakini humfanya mtazamaji atafute siri ya kabila badala ya kuitazama kazi.

Suala gumu zaidi ni la mzaha wenyewe. Mwaka 1948, katika kipindi cha redio cha mchekeshaji Jack Benny, jambazi anamtaka achague kati ya pesa zake na uhai wake. Kimya kinatanda, wasikilizaji wanaanza kucheka, jambazi anamhimiza, naye anajibu kwamba bado anafikiria. Mhariri mwenye haraka atakifupisha kile kimya na kukiua kipande kizima. Upo pia ugumu wa pili: Benny, aliyezaliwa Benjamin Kubelsky, alimwigiza bahili, nao ubahili ni sifa ambayo maadui wa Wayahudi wamewabandika kwa karne nyingi. Sitaweka mtaalamu wa kueleza kwa nini tunacheka. Nitakiacha kipande kiende mzima, kisha niwaulize wachekeshaji ni mizaha gani wangeisema mbele ya wageni wa Catskills na wasingeisema kwingineko.

Kwa upande wa fedha, picha za maktaba ndizo zitakazokula bajeti. Vipindi vya moja kwa moja vya wakati ule vilihifadhiwa kwa kuelekeza kamera ya filamu kwenye kioo cha televisheni, hivyo ubora wake ni hafifu, na leseni ya kuvitumia hupangwa kwa urefu wa kipande, nchi na miaka, huku muziki unaosikika kwa nyuma ukihitaji makubaliano yake. Mahojiano na wazee yatatangulia kila kitu, hata kabla fedha zote hazijapatikana, kwa kuwa wachekeshaji wa kizazi hicho wanazidi kutuacha: Carl Reiner alifariki mwaka 2020 na Jackie Mason mwaka 2021. Hoteli zinaweza kusubiri. Ya Grossinger ilifungwa mwaka 1986.

Toleo la Kiswahili litahitaji mhariri wake wa manukuu, kwa sababu jicho husoma haraka kuliko ulimi unavyosema, na sentensi ikiwekwa nzima chini ya picha, mtazamaji wa Mombasa au Dodoma atacheka kabla mchekeshaji hajafika mwisho. Nimependekeza kila mzaha ukatwe katika manukuu mawili, na la pili litokee mchekeshaji anapolianza neno lenyewe la kuchekesha, hata kama muda wa kulisoma utakuwa mfupi kuliko kawaida.