Namba Huingia Mwishoni: Dhana Potofu Kwenye Maswali ya Kasi Zinazohusiana

"Mwalimu, si namba tumepewa? Kwa nini tusiziweke tu?"

Jumamosi iliyopita nimeulizwa tena, na kijana wa kidato cha sita ambaye mada nyingine za kalkulasi anazitafuna kama karanga. Tulikuwa kwenye kasi zinazohusiana: maswali ambayo unajua kitu kimoja kinabadilika kwa kasi gani, unatafuta kasi ya kingine kilichofungamana nacho. Mwezi uliopita nililijibu, mwaka juzi nililijibu, na nadhani nitazikwa nikilijibu. Basi naliandika, pamoja na dhana nyingine potofu za mada hii, kila moja kwenye alama zake za kunukuu, ili safari ijayo nionyeshe kidole tu.

"Weka namba kwenye mlinganyo, kisha diferenshieti (yaani tafuta kasi ya kubadilika)."

Huyu ndiye mama wa makosa yote. Ngazi ya mita 5 imeegemea ukuta. Mguu wake unateleza kuondoka ukutani kwa mita 0.5 kwa sekunde. Mguu unapofika mita 3 kutoka ukutani, ncha ya juu inashuka kwa kasi gani? Mwenye haraka anaandika 3² + y² = 25, anapata y = 4, anadiferenshieti, na kila kitu kinakuwa sifuri. Ananitazama: "Mwalimu, ngazi haishuki."

Inashuka, tena na fundi wake juu. Wewe ndiye uliyeigandisha. Ulipoandika 3 mahali pa x, uliiambia hesabu kwamba mguu haukuwahi kuwa mita 2.9 wala hautafika 3.1. Kitu kisichosogea hakina kasi ya kuulizia.

Anza na herufi, x ikiwa umbali wa mguu kutoka ukutani na y kimo cha ncha ya juu: x² + y² = 25. Diferenshieti kwa kufuata wakati, t: 2x(dx/dt) + 2y(dy/dt) = 0, ambapo dx/dt ni kasi ya kubadilika kwa x, na dy/dt ya y. Sasa ndipo uweke x = 3, y = 4, dx/dt = 0.5. Unapata dy/dt = −0.375, yaani ncha inashuka kwa mita 0.375 kwa sekunde. Na kwa kuwa herufi bado ziko hai, unaweza kuuliza zaidi bila kuanza upya. Mguu ukifika mita 4, ncha inashuka kwa mita 0.67 kwa sekunde, ukifika 4.9, karibu mita 2.5. (Ukiendelea hadi 5 kamili hesabu inatoa kasi isiyo na kikomo. Ngazi halisi haifanyi hivyo. Hapo ni modeli imeishiwa nguvu, usiilaumu kalkulasi.)

Kwenye ngazi, angalau ile sifuri inakushtua. Kinachonikera zaidi ni tangi lenye umbo la pia, ncha ikiwa chini, kwa sababu hapo kosa lilelile linakupa jibu lenye sura nzuri. Tangi lina kimo cha mita 4, na nusu kipenyo cha mdomo ni mita 2. Maji yanaingia kwa mita za ujazo 0.5 kwa dakika. Kina kinapofika mita 2, kinapanda kwa kasi gani?

Mwanafunzi anaona kwamba kwenye kina cha mita 2 nusu kipenyo cha uso wa maji ni mita 1. Sawa kabisa. Halafu anaiweka hiyo 1 kwenye kanuni ya ujazo wa pia, V = ⅓πr²h (r ni nusu kipenyo cha uso wa maji, h ni kina), anabaki na V = ⅓πh, anadiferenshieti na kupata mita 0.477 kwa dakika. Hakuna sifuri, hakuna kengele. Anapiga mstari chini ya jibu mara mbili na kuhamia swali linalofuata. Jibu sahihi ni 0.159. Jibu lake ni mara tatu kamili ya lile sahihi, kwa sababu aligandisha r na kuacha h itembee, wakati maji yanatanuka huku yakipanda.

Njia yenyewe ni hii: kwa pembetatu zinazofanana, r = h/2 wakati wote. Basi V = πh³/12, na dV/dt = (πh²/4)(dh/dt). Weka h = 2: 0.5 = π(dh/dt). Kwisha. Ukitaka kujihakiki, gawanya kasi ya ujazo kwa eneo la uso wa maji wakati huo. Uso una nusu kipenyo cha mita 1, eneo lake ni π, na 0.5 ÷ π ni 0.159. Hakiki hii inafanya kazi kwa tangi la umbo lolote, na sielewi kwa nini haifundishwi siku ya kwanza.

Sasa, kuna namba zinazoruhusiwa kuingia mapema: zile zisizobadilika. Urefu wa ngazi, 5, uliingia tangu mstari wa kwanza. Uwiano wa r na h kwenye pia nao uliingia. Utazijuaje? Lisimulie swali kwa Kiswahili, hata kama mtihani ni wa Kiingereza, kisha utafute "-po-". Mguu una*po*fika mita 3. Kina kina*po*fika mita 2. Namba iliyofungwa kwenye "-po-" ni ya papo hapo, inangoja mwishoni. Nyingine ni za wakati wote. Nawachoresha picha mbili pia: ya wakati wote yenye herufi, na ya papo hapo yenye namba, nayo ya pili hawaruhusiwi kuichora kabla ya kudiferenshieti. Wanalalamika kwamba inapoteza muda. Mlalamikaji mkubwa ndiye aliyeniambia ngazi haishuki.

"Maji yakiingia kwa kasi moja, kina nacho kinapanda kwa kasi moja."

Hili linatoka nyumbani. Umekua ukitazama simtanki likijaa, na simtanki ni mcheduara: upana wake ni uleule chini hadi juu, kwa hiyo kina kinapanda sawasawa. Ukija kwenye pia, sahau simtanki. Tangi letu linafika nusu ya kimo baada ya dakika 4 na ushei. Nusu iliyobaki inachukua dakika 29. Nusu ya kimo ni sehemu moja tu ya nane ya ujazo.

"Ukidiferenshieti x² unapata 2x."

Kwa x, ndiyo. Hapa unadiferenshieti kwa t, na x yenyewe inatembea na wakati, hivyo kanuni ya mnyororo, inayokutaka uzidishe kwa kasi ya x yenyewe, inadai 2x(dx/dt). Wapo wanaoniambia "lakini t haimo kwenye mlinganyo." Haihitaji kuonekana. Newton aliwaza viasi vyake kama vitu vinavyotiririka na wakati, bila kulazimika kuandika t kila mstari.

"Alama ya hasi maana yake nimekosea."

Hapana. Maana yake kitu kinapungua. Acheni kuifuta kimyakimya.

"Kadiri mtu anavyoenda mbali na taa, kivuli kinarefuka kwa kasi zaidi."

Kinarefuka, lakini kwa kasi ileile. Mtu wa mita 1.8, taa ya mita 5.4: kivuli s ni nusu ya umbali x daima. Akitembea mita 1.5 kwa sekunde, kivuli kinaongezeka mita 0.75 kwa sekunde, awe mita 2 au 20 kutoka kwenye mlingoti. Ule umbali aliokupa mtunga swali ni mtego. Na soma vizuri umeulizwa nini, urefu wa kivuli au ncha yake, maana ncha inasogea kwa 0.75 + 1.5, yaani mita 2.25 kwa sekunde.

"Digrii au radiani, ni hiari yako."

Radiani ni kipimo cha pembe ambacho mzunguko mzima ni 2π badala ya digrii 360. Kasi ya kubadilika ya sin θ ni cos θ kwa radiani tu. Kwa digrii inabidi uzidishe kwa π/180. Taa inazunguka mara moja kwa dakika, mita 100 kutoka kwenye ukuta ulionyooka. Doa la mwanga linapopita mahali palipo karibu zaidi na taa, lina kasi ya 100 × 2π, kama mita 628 kwa dakika. Kijana mmoja aliweka 360 badala ya 2π, akapata mita 36,000 kwa dakika. Hiyo ni mita 600 kwa sekunde, kasi kuliko mwendo wa sauti, kutoka kwa taa inayozunguka taratibu kuliko feni mbovu. Nilipomwonyesha alicheka, akafuta, akaandika 6.28, akasahau kuzidisha kwa 100.