Je, wajua kwa nini chanjo ileile huenda mbio mkoa mmoja na kusuasua mkoa wa pili?

Kampeni ya chanjo ikitangazwa, dozi ni ileile na tangazo la redioni ni lilelile. Yakija matokeo, wilaya moja imeshavuka lengo, jirani yake bado inahangaika. Vijiweni Dodoma jibu huwa jepesi: "Kule watu wagumu." Wagumu wapo, lakini si wao wanaoeleza sehemu kubwa ya tofauti hiyo.

Wakati mwingine tofauti hupangwa makusudi. Februari 2022 Malawi ilitangaza mgonjwa wa polio, na mwezi uliofuata Tanzania ikaanza na watoto wa Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma, mikoa ya upande wa mpakani. Dodoma na Singida zilisubiri awamu ya nchi nzima, mwezi Mei. Hapo hakuna aliyezembea.

Kubwa zaidi ni umbali. Kwa sensa ya 2022, Dar es Salaam ina watu 5,383,728 katika kilomita za mraba 1,393, yaani karibu watu 3,900 kwa kila kilomita. Singida ina 2,008,058 katika kilomita za mraba 49,341: watu 41 hivi. Mchanjaji wa Mbagala hutoka mlango hadi mlango kwa miguu. Mwenzake wa Manyoni anahitaji pikipiki, mafuta na kibebeo chenye barafu, maana chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na jua la huko halina mzaha. Mvua zikianza, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, makorongo hujaa na njia hukatika, tena ndio wakati ambao mama yuko shambani tangu alfajiri.

Sasa kitazame kichupa chenyewe. Chanjo ya surua na rubela huja ikiwa unga mkavu, mara nyingi dozi 10 kwa kichupa kimoja. Muuguzi huchanganya unga huo na maji yake maalumu, na kuanzia hapo ana muda wa saa 6 tu. Kliniki ikifungwa mapema, kilichobaki hutupwa hapohapo. Katika kituo cha afya cha mjini watoto kumi hupatikana asubuhi moja bila jasho. Kwenye kitongoji cha wafugaji huko Chemba wamekuja wawili. Afungue, dozi 8 zimwagike? Au awaambie kina mama warudi siku nyingine, kwa miguu, na pengine wasirudi tena? Wataalamu wa chanjo husema afungue hata kwa mtoto mmoja, nami nawaunga mkono, ila ni rahisi kulisema hilo ukiwa hujabeba kibebeo chenye vichupa vitatu vya kumaliza wiki. Matone ya polio hayana adha hiyo: hayahitaji sindano, na mtu aliyefundishwa vizuri anaweza kuyatoa nyumba kwa nyumba. Kwa hiyo wilaya ileile inaweza kwenda haraka kwa polio na polepole kwa surua.

Uviko-19 ulikuwa na lake. Chanjo ilizinduliwa Ikulu Dar es Salaam tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia akichanjwa hadharani, wakati nchi ina dozi zipatazo milioni moja na watu wengi wakiwa na mashaka. Mwanzoni ilimbidi mtu aifuate kituoni. Kasi ilipanda ilipoanza kuwafuata watu sokoni, stendi na vijijini. Mashaka hupungua haraka zaidi pale mtu asipolazimika kulipa nauli ili ayaondoe.

Halafu kuna hesabu yenyewe. Asilimia hupatikana kwa kugawa waliochanjwa kwa walengwa, na walengwa hukadiriwa kutokana na sensa. Mwaka 2012 mkoa wa Dodoma ulikuwa na watu 2,083,588; mwaka 2022 walikuwa 3,085,625, na katikati hapo Serikali ilihamia huku. Makadirio yakibaki nyuma ya ongezeko kama hilo, halmashauri huweza kuripoti zaidi ya asilimia 100 ilhali wapo watoto wasiofikiwa. Na ile ambayo wafugaji wake wamehama na mifugo huonekana imelala, hata kama wachanjaji wake wamemaliza kila boma walilolikuta na watu.